Karanti nyekundu: faida uani, hesabu ngumu sokoni

Kila mwaka ifikapo Julai, vichaka vya karanti nyekundu katika bustani za nyumba za Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Poland huiva karibu kwa mpigo. Kwa wiki mbili au tatu familia yenye vichaka hivyo huwa na matunda mengi kuliko inavyoweza kula. Wakati huohuo, tunda hilohilo huuzwa madukani katika vikasha vidogo vya plastiki, tena kwa bei ambayo mnunuzi huifikiria mara mbili kabla ya kufungua pochi.

Mtu mwenye jicho la biashara akiona wingi uani na uhaba dukani, swali la kwanza atakalojiuliza ni kama hapo katikati hakuna fedha ya kuokota. Swali ni halali, na linawahusu pia Waafrika Mashariki waishio Ulaya na Marekani wenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, pamoja na wale wa nyumbani wanaofikiria kuagiza miche.

Hesabu ikiwekwa mezani, jibu linalotoka ni kwamba kichaka cha karanti nyekundu kinalipa, lakini kinamlipa zaidi anayekula kuliko anayeuza. Sababu zake zinafaa kujulikana na mfanyabiashara yeyote, hata asiyekusudia kupanda mche mmoja.

Tunda lenyewe

Karanti nyekundu, ambayo wataalamu wa mimea huiita Ribes rubrum, asili yake ni Ulaya Magharibi. Ni kichaka cha kimo cha mita moja na nusu hivi, kisicho na miiba, chenye matunda madogo mekundu yanayong'aa na kuning'inia kwa vishada mithili ya zabibu ndogo. Ladha yake ni chachu. Katika gramu 100 za tunda kuna vitamini C ya takriban miligramu 41. Ndugu yake, karanti nyeusi, ana zaidi ya mara nne ya kiasi hicho.

Wajerumani hulipa jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambaye sikukuu yake ni 24 Juni, kwa kuwa karanti za mapema huanza kuiva karibu na siku hiyo. Jina la Kiingereza nalo lina mtego kwa wafanyabiashara. Lilitokana na mji wa Korintho wa Ugiriki, uliojulikana kwa zabibu ndogo zilizokaushwa. Mpaka leo mtu akiona neno hilo kwenye orodha ya bei ya matunda makavu, bidhaa inayotajwa aghalabu ni zabibu kavu, si tunda la kichaka hiki. Mnunuzi anayeagiza kwa simu bila kuuliza anaweza kuletewa mzigo asioutaka.

Mtaji wa kuanzia ni mdogo

Kwa upande wa gharama za kuanza, karanti nyekundu ni miongoni mwa mazao yasiyo na masharti makubwa. Kichaka hujichavusha chenyewe, hivyo mmoja tu unaweza kuzaa. Mwenye jirani aliye na kichaka hana haja hata ya kununua mche. Mwishoni mwa majira ya vuli hukatwa tawi la mwaka huo lenye urefu wa sentimita 30 hivi, macho ya chini huondolewa na kuachwa matatu au manne ya juu, kisha nusu ya kijiti hufukiwa ardhini. Baada ya mwaka mmoja huwa mche wenye mizizi, tayari kuhamishwa.

Macho ya chini huondolewa ili kichaka kisimame juu ya shina moja fupi la sentimita 10 hadi 15, badala ya kutoa matawi mengi kutoka ardhini. Kichaka cha namna hiyo hupitisha hewa, huvunwa kwa urahisi na matunda yake hayagusi udongo.

Nafasi inayotumika kati ya kichaka na kichaka ni mita moja na nusu. Mwenye ua mdogo anaweza kupanda karanti kama fimbo moja iliyosimamishwa ukutani, kila fimbo ikipewa sentimita 40 tu. Jambo la kuvutia zaidi kwa mtu anayehesabu ni kwamba karanti nyekundu huvumilia kivuli cha nusu siku na huweza kuzaa hata kwenye ukuta unaotazama kaskazini, mahali ambapo Ulaya nyanya zingekataa. Kwa maneno ya kibiashara, ardhi inayotumika mara nyingi ni ile isiyokuwa na kazi nyingine yenye faida.

Mbolea inayohitajika ni samadi au mboji kila mwanzo wa machipuko, pamoja na potashi kiasi. Kichaka kilichotunzwa vizuri huzaa takribani kilo 4 kwa msimu na kinaweza kuendelea kuzaa kwa miaka 15 au zaidi.

Mkasi unaoweza kula mtaji

Kosa linalowagharimu wengi ni kupogolea karanti nyekundu kama nyeusi. Karanti nyeusi huzaa zaidi kwenye matawi mapya ya mwaka uliopita, kwa hiyo mwenye bustani hukata matawi ya zamani ili mapya yachipue. Nyekundu haiendi hivyo. Huzaa kwenye vitawi vifupi vilivyoota juu ya matawi ya miaka miwili, mitatu na zaidi, na kwenye kitako cha matawi ya mwaka mmoja. Anayekata matawi yake yote ya zamani anakata mtaji wake, na atasubiri misimu miwili kuupata tena.

Njia inayokubalika ni kuacha matawi makuu manane hadi kumi yaliyopangwa kama bakuli lililo wazi katikati, na wakati wa baridi kufupisha yale ya pembeni hadi jicho moja au mawili. Tawi kuu lililochoka huondolewa pale tu linapokuwepo changa la kuchukua nafasi yake.

Hasara nyingine huletwa na ndege. Wakati wa baridi wapo wanaodonoa macho ya maua kabla hayajafunguka, na matunda yanapoanza kuwa mekundu huja wengine ambao huweza kumaliza kichaka kwa siku chache. Asiyeweka nyavu asiweke hesabu ya mavuno. Wapo pia viwavi wa mdudu wa jamii ya nyigu ambao huanzia katikati ya kichaka na kuacha matawi bila jani, na jalidi ya usiku wa Aprili ambayo huua maua. Kwa bahati nzuri kichaka kimoja au viwili vinaweza kufunikwa kwa kitambaa jioni. Shamba la ekari haliwezi.

Hesabu ya vichaka sita

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari na lifunguliwe basi, kwa mfano wa familia moja ya Uingereza yenye vichaka sita katika eneo la mita za mraba 14 hivi.

Mwaka wa kwanza na wa pili havina mavuno ya kuhesabu. Mwaka wa tatu tuweke nusu, yaani kilo 12. Kuanzia mwaka wa nne hadi wa 15, vichaka sita kwa kilo 4 kila kimoja hutoa kilo 24 kwa mwaka, ambazo kwa miaka 12 ni kilo 288. Jumla ya uhai wa mradi ni kilo 300.

Sasa upande wa kazi. Karanti nyekundu haichumwi moja moja. Hukatwa kishada kizima kwa mkono au mkasi mdogo, kwa kuwa tunda likivutwa hupasuka. Tukidhani kwamba mchumaji anapata kilo 4 kwa saa, kilo 300 zinahitaji saa 75. Kupogolea tukupe nusu saa kwa kichaka kila mwaka, yaani saa 3 kwa vichaka sita na saa 45 kwa miaka 15. Jumla ya kazi ni saa 120, bila kuhesabu kuweka na kutoa nyavu.

Kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kilichoanza Aprili 2025, kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 120 kwa kiwango hicho ni pauni 1,465.20. Gawanya kwa kilo 300, kila kilo imebeba gharama ya kazi ya pauni 4.88.

Kwa ajili ya hesabu tu, bei ya rejareja iwekwe pauni 10 kwa kilo, na nusu yake iende kwa mwenye duka, msafirishaji na vikasha. Mkulima anapokea pauni 5. Akitoa pauni 4.88 za kazi anabakiwa na peni 12 kwa kilo. Kwa kilo 300 hiyo ni chini ya pauni 36 katika miaka 15, na bado hajanunua nyavu wala samadi. Bei ikishuka kidogo tu, au ndege wakila kishada kimoja kati ya ishirini, hesabu inaingia kwenye wekundu.

Anayekula matunda yake yuko upande mwingine wa kaunta. Kilo aliyoivuna imemwokolea bei kamili ya rejareja, pauni 10, si pauni 5 ya mkulima. Hakuna dalali, hakuna kikasha, na tunda linasafiri hatua ishirini kutoka kichakani hadi jikoni. Faida inayowaendea wengine wote njiani inabaki kwake.

Vichaka vitatu vinashinda sita

Lakini hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kilo 24 zinazoiva ndani ya wiki tatu haziwezi kupewa thamani ya pauni 10 kila moja. Kilo ya kwanza ina thamani hiyo kwa sababu familia ingeinunua. Kilo ya ishirini familia isingeinunua hata kwa bei ya kutupa. Itagawiwa majirani au kuachiwa ndege. Ukweli huu ambao wanafunzi wa biashara hufundishwa mwaka wa kwanza, kwamba thamani ya kila kipimo kinachoongezeka hupungua, unaonekana vizuri kwenye ndoo ya karanti.

Tuseme familia inatumia kweli nusu ya mavuno ya vichaka sita, yaani kilo 150 kwa uhai wa mradi. Zina thamani ya pauni 1,500. Kwa saa 120 za kazi, kila saa imeleta pauni 12.50, karibu sawa na kima cha chini cha mshahara. Familia hiyo ingepanda vichaka vitatu tu, ingevuna kilo 150 hizohizo, ingetumia zote, na kazi ingekuwa saa 60. Kila saa ingeleta pauni 25. Mradi uliopunguzwa nusu umeongeza faida ya kila saa mara mbili.

Vichaka hivyo vitatu visiwe vya aina moja. Jonkheer van Tets, aina ya Uholanzi, huiva mapema. Red Lake, iliyotolewa Minnesota, Marekani, mwaka 1933, huiva katikati ya msimu. Rovada, nayo ya Uholanzi, huchelewa na ina vishada virefu vinavyochumika upesi. Mwenye zote tatu hutandaza mavuno yake kwa wiki nyingi zaidi, na kila kilo hukuta bado kuna anayeitaka.

Sheria nayo inamtazama mlaji

Kwa wale wanaokodi viwanja vya bustani mijini Ulaya, lipo jambo jingine la kujua kabla ya kuota ndoto za kuuza. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1922 inaeleza kwamba kiwanja cha namna hiyo hulimwa chote au kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mboga na matunda ya kuliwa na mpangaji mwenyewe au familia yake. Ujerumani nako, sheria ya mwaka 1983 inaweka ukomo wa mita za mraba 400 kwa kiwanja na inataka matumizi yasiyo ya kibiashara. Mpangaji anayegeuza kiwanja kuwa shamba la biashara anahatarisha mkataba wake. Ni busara kusoma masharti ya chama au halmashauri kabla ya kubandika tangazo la bei.

Wanaoishi kwa karanti

Hata hivyo wapo wanaopata riziki kwa tunda hili, na ukiwatazama utaona kwamba kila mmoja ametafuta namna yake ya kulikabili tatizo lilelile la mkono wa mchumaji.

Wakulima wa Uholanzi wameuza muda. Hupanda karanti kwa mistari iliyofungwa kwenye nyaya kama ukuta, chini ya paa la plastiki linalozuia mvua isipasue matunda, na mchumaji hupita wima akikata vishada vinavyomtazama usoni. Sehemu ya mavuno haiendi sokoni Julai, wakati kila ua umejaa. Huwekwa katika vyumba vya baridi karibu na nyuzi sifuri, vyenye hewa iliyopunguzwa oksijeni na kuongezwa kabonidayoksaidi, na kukaa humo kwa miezi kadhaa. Hutolewa kuelekea Krismasi, waokaji wa keki na hoteli wanapotaka kitu chekundu cha kupamba sahani. Tunda ni lilelile, mnunuzi ni mwingine, na bei si ya Julai. Mwenye kichaka uani hawezi kushindana nao Desemba, lakini wao pia hawamsumbui Julai.

Poland imechukua njia ya mashine. Matunda ya viwandani hutikiswa na mashine kutoka kwenye vichaka, kisha hugandishwa au kukamuliwa kuwa juisi nzito. Hapo kazi ya mkono imepungua, lakini imekuja hatari nyingine. Kichaka ni uwekezaji wa miaka 15 na bei ya kiwanda ni ya msimu mmoja. Bei ikipanda wengi hupanda miche, na miche hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu, wote kwa pamoja. Bei ikianguka mkulima hawezi kubadili zao kama anayelima maharage. Huchagua kati ya kuvuna kwa hasara na kuacha matunda yaoze.

Njia ya tatu iko Bar-le-Duc, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Huko hutengenezwa jamu ya karanti ambazo mbegu zake huondolewa moja moja kwa ncha ya unyoya wa bata bukini, tunda likibaki zima. Kumbukumbu za jamu hiyo zinarudi nyuma hadi mwaka 1344. Huuzwa katika vichupa vidogo vya gramu 85 na hulinganishwa na mayai ya samaki yanayoliwa na matajiri. Watu wa Bar-le-Duc hawakupunguza kazi ya mkono. Waliiongeza mpaka ikawa ndiyo bidhaa yenyewe, na wakamtafuta mteja anayekubali kuilipia. Soko la namna hiyo ni dogo na halina nafasi ya wengi.

Jeli ndiyo ghala la mwenye nyumba

Mwenye nyumba asiye na chumba cha gesi ana ghala lake: sufuria na sukari. Karanti nyekundu ina asidi na pektini nyingi, ile kitu inayofanya jamu igande. Matunda huchemshwa na maji kidogo yakiwa na vikonyo vyake, jambo linaloondoa kazi ya kuyapukusa. Kisha huchujwa kwa kitambaa usiku kucha bila kukamuliwa, ili jeli isije ikawa na ukungu. Kwa kila mililita 600 za juisi huwekwa gramu 450 za sukari na kuchemshwa mpaka igande. Hakuna unga wa kugandisha wa kununua.

Nguvu hiyo imetambuliwa hata na sheria. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 yaliweka kiwango cha chini cha matunda katika jamu ya kawaida kuwa gramu 350 kwa kilo, lakini kwa karanti nyekundu na matunda mengine machache yakaruhusu gramu 250. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2024, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika ni 14 Juni 2026, yamepandisha viwango hivyo hadi gramu 450 na 350, na upendeleo kwa karanti umebaki. Kwa mtengenezaji maana yake ni matunda machache zaidi kwa kila chupa.

Ndiyo maana pia watengenezaji wa jamu ya stroberi au cheri, matunda yenye pektini kidogo, huchanganya juisi ya karanti. Mwenye kichaka uani anaweza kufanya vivyo hivyo, na pengine hapo ndipo kilo yake ya ishirini inaporudishiwa thamani.

Somo la Marekani

Msomaji aliyeko Marekani ana kipengele cha ziada. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliingia huko kutoka Ulaya ugonjwa wa kutu unaoua misonobari myeupe. Vimelea vyake haviwezi kupita kutoka msonobari hadi msonobari bila kukaa kwanza kwenye mimea ya jamii ya karanti. Misonobari ilikuwa biashara kubwa ya mbao. Karanti zilikuwa biashara ndogo. Serikali ikachagua mbao. Upandaji ukapigwa marufuku na vichaka vikang'olewa kwa mamilioni.

Marufuku ya serikali kuu iliondolewa mwaka 1966 na mamlaka yakaachiwa majimbo. Jimbo la New York lilifungua mlango mwaka 2003. Mpaka leo yapo majimbo yenye masharti au vibali, ingawa karanti nyeusi ndiyo inayohofiwa zaidi kuliko nyekundu. Kizazi kizima cha Wamarekani kilikua bila kulijua tunda hilo, na soko lililokufa kwa sheria halikufufuka siku sheria ilipofutwa. Wateja walikuwa wamesahau ladha yake.

Je, Lushoto au Limuru?

Kwa wawekezaji wadogo wa Afrika Mashariki, jambo la kuamua ni baridi. Karanti nyekundu haihitaji tu ubaridi wa kupendeza kama wa milimani. Inahitaji usingizi: mamia ya saa, na kwa aina nyingi hata zaidi ya elfu moja, za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mfululizo wa miezi, ndipo macho yake yafunguke kwa pamoja na kutoa maua. Lushoto, Njombe na Limuru zina usiku wa baridi, lakini mchana jua hurudi na majira ya baridi ya miezi mitatu hayapo. Mche unaweza kuota na kupendeza kwa majani huku ukitoa vishada vichache au usitoe kabisa.

Kwa tufaha tatizo hilo lilipunguzwa na aina zisizodai baridi nyingi kama Anna, iliyozalishwa Israeli. Karanti nyekundu hazijapata aina iliyozoeleka ya namna hiyo. Anayeuziwa mche kwa maelezo kwamba unafaa popote penye baridi ana haki ya kuonyeshwa kichaka kinachozaa katika mwinuko uleule kabla ya kutoa hata senti. Zaidi ya hayo, miche haiingizwi mfukoni. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na Kenya ina KEPHIS, na kila moja hudai kibali na cheti cha afya ya mimea.

Mwenye shauku ya jeli nyekundu yenye uchachu hana sababu ya kukata tamaa. Rosela, ambayo vikonyo vyake vyekundu hutengenezewa juisi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hutoa jeli chachu ya rangi ileile, nayo haidai baridi. Hesabu ya mkono wa mchumaji lakini ni ileile, na ifanywe kwanza.

Maswali manne kabla ya kununua mche

La kwanza, mahali hapo pana majira ya baridi ya kweli? Kama hapana, mradi umekwisha kabla ya kuanza.

La pili, sheria ya kiwanja au ya jimbo inaruhusu nini? Jibu litafutwe kwa maandishi.

La tatu, familia inakula kilo ngapi kwa mwaka, jeli ikiwamo? Idadi hiyo igawanywe kwa nne. Jibu ndilo idadi ya vichaka. Kwa nyumba nyingi haitazidi vitatu.

La nne ni kwa anayesisitiza kuuza: nani atachuma, na atalipwa kiasi gani kwa kilo? Kama jibu ni kwamba watachuma watoto wa nyumbani bila malipo, basi anachouza ni kazi ya watoto, na siku watakapokua na kuondoka faida itaondoka nao.